Nani aliiua stori ya Heroes?

Wadau, tuliokuwa tunakodi CD za sizoni kule Temeke tunaikumbuka Heroes, ile ya watu wenye nguvu za ajabu. Sizoni ya kwanza, 2006 hadi 2007, ilikuwa moto. Halafu stori ikapwaya. Wengi wanausingizia mgomo wa waandishi Marekani, ulioanza Novemba 2007 na kuifanya sizoni ya pili iishie episodi 11. Mimi nasema ugonjwa ulianza kabla. Mtunzi Tim Kring alitaka kila sizoni ije na watu wapya, lakini wale wa mwanzo wakapendwa mno, wakabakizwa. Muuaji Sylar alichomwa upanga, akarudi! Steringi hafi, adui naye hafi, sasa uogope nini? Mwaka 2010 ikafutwa. Waandishi wa Bongo mpo? Mnasemaje wadau?