Jina la Utenzi katika Orodha ya Maktaba

Utenzi mmoja wa Kiswahili huweza kuwa na majina kadha. Ule unaosimulia vita vya Waislamu na Herekali, mfalme wa Rumi, ambao mswada wake mmoja ni wa 1728, huitwa Utendi wa Tambuka na pia Chuo cha Herekali. Tena uliandikwa kwa hati za Kiarabu, na wanukuzi huzigeuza kwa njia mbalimbali.

Mkutubi mjuzi huweza kumwelekeza msomaji. Kompyuta isiyofundishwa hulinganisha herufi tu. Atafutaye “utenzi” hapati “utendi”, na kazi iliyomo maktabani huwa kana kwamba haimo.

Mfumo wa MARC, uliobuniwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1960, una tiba. Sehemu ya 130 hubeba jina sanifu la kazi isiyoorodheshwa chini ya mtunzi, 246 majina mengine, na 880 maandishi ya hati ya asili. Alama ya lugha, “swa”, haitofautishi Kiamu na Kimvita. Lahaja hutajwa katika 546.

Hata hivyo, kuamua jina sanifu na lahaja ni kazi ya mwanaisimu na mhakiki wa miswada. Mkutubi hapaswi kuachiwa peke yake.