Vijana wa Oklahoma na Ubishi wa Barazani

Hakuna timu inayofungwa kabla ya msimu kuanza. Wakati huo kila shabiki ni bingwa, kila mchezaji mgeni ni hodari, na kila aliyeumia amekwisha kupona. Ndiyo maana ubishi wa kabla ya msimu huwa mtamu kuliko ule wa baadaye, maana hakuna awezaye kukunyamazisha kwa matokeo. Hata hivyo, ndugu msomaji, ndani ya ubishi huo mna jambo linalotuhusu hata sisi tusiokuwa wachezaji, nalo ni namna tunavyowapima vijana.

Nitatoa mfano wa mwezi wa Oktoba 2023. Katika Mji wa Kale hapa Mombasa, baada ya Isha, hukutana barazani watu ambao zamani mazungumzo yao yalikuwa ni kandanda na bao tu. Siku hizi vijana wamewaletea habari za NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ambayo michezo yake huwafikia katika simu saa tisa na saa kumi za usiku. Waamkao mapema hutazama robo ya mwisho kisha wakaenda kusali Alfajiri. Sisi wengine husimuliwa jioni. Usiku huo muuza kahawa alikuwa ametua dele lake, vikombe vinazunguka, na swali lilikuwa moja tu: je, vijana wa Oklahoma City Thunder watafika wapi?

Kwa wasioijua timu hiyo, Oklahoma City ni mji wa katikati ya Marekani, mbali na bahari zote mbili. Timu yao ilihamia hapo mwaka 2008 kutoka Seattle. Mwaka 2012, ikiwa na Kevin Durant, Russell Westbrook na James Harden, wote wakiwa hawajafika miaka 24, ilifika fainali ikashindwa na Miami kwa michezo minne kwa mmoja. Watu wakasema si neno, vijana hawa watarudi. Hawakurudi. Harden aliuzwa kabla ya msimu uliofuata kuanza, Durant akahama mwaka 2016, na Westbrook akaondoka mwaka 2019.

Hapo meneja wao, Sam Presti, akaamua kuibomoa nyumba na kuijenga upya. Alimtoa nyota wake mwingine, Paul George, kwa timu ya Los Angeles Clippers. Badala yake akapewa haki za kuteua wachezaji wapya kwa miaka kadha, pamoja na kijana wa Kanada aliyekuwa amecheza ligi hiyo msimu mmoja tu, Shai Gilgeous-Alexander. Lakini anayejenga hula vumbi. Msimu wa 2020-21 walishinda michezo 22 kati ya 72, na uliofuata wakashinda 24 kati ya 82. Tarehe 2 Desemba 2021 Memphis iliwafunga pointi 152 kwa 79. Tofauti hiyo ya pointi 73 haikuwahi kuonekana katika historia ya ligi nzima. Kisha msimu wa 2022-23 wakapanda kidogo: walishinda 40, wakashindwa 42.

Hapo ndipo walipokuwa wakati watu wa baraza walipoanza kubishana.

Upande wa vijana uliongozwa na fundi mmoja wa simu. Hoja zake zilikuwa za hesabu. Shai, alisema, msimu uliopita alipata wastani wa pointi 31.4 kwa kila mchezo. Jalen Williams, aliyeteuliwa wa 12 mwaka 2022, alicheza mwaka wake wa kwanza kana kwamba ni wa tano. Na Chet Holmgren, kijana wa futi 7 na inchi 1, aliyeumia mguu kabla ya msimu wake wa kwanza kuanza, sasa amepona. "Nyota njema huonekana asubuhi," akamalizia.

Upande wa pili alikuwako mzee mmoja aliyestaafu kazi ya bandarini, ambaye ujanani mwake aliucheza mchezo huu. Alikunywa kahawa yake hadi mwisho ndipo akajibu.

"Mwanangu, mwaka 2012 niliambiwa maneno haya haya. Huyo mrefu wenu ni mwembamba kama mlingoti. Mpira ukigonga chuma ukarudi, nani ataugombania na majitu ya Denver? Usikate kanzu mtoto hajazaliwa."

"Lakini ami, hawa wana mwaka mmoja zaidi wa kujuana."

"Mwaka mmoja hauoti misuli."

Mtu mmoja akataka kuleta habari za makampuni ya kamari na dau walilotia. Alikatizwa mara moja. Hapa, aliambiwa, twabishana kwa ndimi, hatubishani kwa mifuko.

Kisha likatajwa jina lililobadilisha mazungumzo. "Mnasahau Hasheem Thabeet?" akauliza mmoja, na kicheko kikalipuka.

Thabeet ni mtu wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza katika NBA. Mwaka 2009, akiwa na urefu wa futi 7 na inchi 3, aliteuliwa na Memphis akiwa wa pili miongoni mwa vijana wote wa mwaka ule. Harden aliteuliwa wa tatu, nyuma yake, na Stephen Curry wa saba. Lakini kabla ya msimu wake wa kwanza kwisha, Thabeet alipelekwa kwa muda ligi ya chini. Kufika 2014 alikuwa amekwisha kupita timu nne, ya mwisho ikiwa hiyo hiyo ya Oklahoma City. Kwa wenye kucheka, hicho kilikuwa kisa kizima.

Pembeni ya baraza alikuwa amesimama kijana wa mtaani, mwanafunzi wa sekondari, ambaye urefu wake umemfanya ajulikane mji mzima na ambaye huchezea timu ya shule yao. Muda wote ule alikuwa akisikiliza uso umemkunjuka. Kicheko kilipozidi, niliona ameinamisha kichwa akitazama viatu vyake.

Aliyekikata kicheko hicho ni yule yule mzee mwenye shaka.

"Mnamcheka nani?" aliuliza. "Yule aliushika mpira akiwa kijana mkubwa, na wenziwe wameushika tangu utotoni. Akateuliwa wa pili, halafu mkataka awe mzee siku ya kwanza. Nyinyi mliteuliwa wa ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Mzee akaendelea kwa sauti ya chini kidogo: "Mimi sisemi hawa vijana wa Oklahoma hawajui kucheza. Nauliza kama watapewa muda, na kama watapewa mtu wa kuwashika mkono."

Kwa maoni yangu, swali hilo lilizidi uzito yote yaliyosemwa usiku ule. Fundi wa simu alikuwa akihesabu vipaji, na mzee alikuwa akihesabu misuli; lakini kipaji na misuli vyote viwili hutegemea nani anakaa na kijana siku anapofungwa.

Matokeo yanajulikana sasa. Msimu wa 2023-24 Thunder walishinda michezo 57 na kushindwa 25, wakaongoza ukanda wao wa Magharibi. Hakuna timu changa kuliko hiyo iliyowahi kushika nafasi ya kwanza ya ukanda katika ligi hiyo. Katika mchujo waliifunga New Orleans michezo minne kwa bila. Halafu wakakutana na Dallas, na maneno ya mzee yakatimia: mpira uliorudi kutoka chumani ukawa taabu kwao. Walitolewa michezo minne kwa miwili, wa mwisho ukiwa wa tarehe 18 Mei 2024, pointi 117 kwa 116. Shai mwenyewe alifanya kosa la kumgusa mrushaji zikiwa zimebaki sekunde mbili na nusu tu.

Barazani kila upande ulijiona umeshinda. Lakini tuangalie wenye timu walifanya nini. Hawakubomoa tena. Kocha Mark Daigneault, aliyekabidhiwa timu mwaka 2020 na kuvumilia misimu yote ile ya kufungwa, walimbakiza. Shai, Williams na Holmgren walibaki pia. Wakamleta Alex Caruso, mtu mzima wa miaka 30 aliyewahi kutwaa ubingwa na Lakers mwaka 2020, na Isaiah Hartenstein kutoka New York, mwenye mwili wa kugombania mpira huo unaorudi. Haki isemwe: ili kumpata Caruso walimtoa Josh Giddey, Mwaustralia wa miaka 21, akaenda Chicago. Kwa hivyo hata katika nyumba yenye subira si kila kijana aliyesubiriwa.

Msimu wa 2024-25 walishinda michezo 68 kati ya 82. Fainali na Indiana ilifika mchezo wa saba, uliochezwa usiku wa tarehe 22 Juni 2025. Huku kwetu ilikuwa alfajiri ya Jumatatu walipomaliza pointi 103 kwa 91 na kuchukua ubingwa wa kwanza tangu timu ihamie Oklahoma City. Shai akatangazwa mchezaji bora wa msimu, na wa fainali pia. Tangu Portland mwaka 1977, ubingwa huo haukuwa umechukuliwa na timu yenye umri mdogo kama huo.

Wapenzi wasomaji, wapo watakaosema hiyo ni timu ya mabilioni, nasi tuna viwanja vya saruji na vyuma visivyo na nyavu. Ni kweli. Lakini yaliyowainua vijana wale si fedha peke yake. Klabu ndogo ya mtaani yaweza kumbakiza mwalimu wake baada ya msimu mbaya. Yaweza kumwomba mchezaji wa zamani aje jioni mbili kwa wiki asimame karibu na watoto. Na sisi wa barazani twaweza kuacha kumfanya kijana aliyejaribu akashindwa kuwa mfano wa mzaha mbele ya wale ambao bado hawajajaribu.

Subira yavuta heri, lakini subira si kukaa kitako ukingoja. Ni kazi, na ina mwenye kuifanya. Ukitaka kujua timu changa itafika wapi, usiulize umri wao tu wala urefu wao. Uliza siku ile ya kufungwa kwa pointi 73 nani alikuwa pamoja nao, na kama asubuhi yake alirudi uwanjani.

Basi msimu mwingine ukikaribia, tubishane, kwani ubishi usio na dau wala matusi ni burudani njema. Ila tukumbuke kwamba pembeni ya baraza daima yuko kijana anayetusikiliza, naye anajipima kwa maneno yetu.