Uzi wa Kioo Unaopima Kanieneo ya Hewa

Mwaka 1732 Henri Pitot, mhandisi Mfaransa, alitumbukiza bomba lililopindwa katika Mto Seine mjini Paris. Mdomo wa bomba ulielekea mkondo, na maji yakapanda ndani yake kwa kadiri ya kasi ya mto. Ndege za leo zingali zikitumia wazo hilo kupimia mwendo wake angani.

Lakini bomba ni mjumbe wa polepole. Tuchukue mfano wa gurudumu la injini ya ndege lenye mapanga 60, likizunguka mara 10,000 kwa dakika. Kila sekunde mapanga 10,000 hupita mbele ya mahali pamoja, na kila panga huacha msukosuko nyuma yake. Habari za kanieneo, yaani nguvu ya hewa juu ya kila kipande cha eneo, husafiri bombani kwa kasi ya sauti, kiasi cha mita 340 kwa sekunde. Katika bomba la mita 1 hufika mapanga kama 30 yakiwa yamekwisha kupita. Mhandisi hupata wastani tu. Na panga halivunjwi na wastani, huvunjwa na mtikisiko.

Vipo vipimio vya umeme vilivyo vyepesi zaidi, ila huvurugwa na mitambo ya jirani. Ndipo wataalamu walipogeukia uzi wa kioo, kama ule upitishao simu kwa mwanga. Unene wake ni mikroni 125, sehemu moja ya nane ya milimita. Nchani huwambwa kiwambo chembamba, mfano wa ngozi ya ngoma, na kati yao huachwa mwanya. Mwanga wa leza ukifika hapo, sehemu yake hurudishwa na mwisho wa kioo, na nyingine na kiwambo. Mawimbi hayo mawili yakikutana kilele kwa kilele, mwanga huongezeka; kilele kwa bonde, hufifia. Hewa ikikisukuma kiwambo hata kwa sehemu ya kumi ya mikroni, mabadiliko huonekana.

Taabu kubwa ni joto. Kioo na kiwambo vikipata moto hutanuka, mwanya hubadilika, na chombo hutangaza kuwa kanieneo imepanda, kumbe ni joto tu. Kwa hiyo joto nalo hupimwa papo hapo, pengine kwa uzi wa pili uliolazwa ubavuni mwa ule wa kwanza, kisha hesabu husahihishwa.