Kompyuta Haifundishi Peke Yake: Funzo Kutoka kwa Utafiti wa Egerton

Shule inapopokea kompyuta au vishikwambi, wazazi hufurahi, na wana sababu ya kufurahi. Lakini je, vifaa hivyo vitamsaidia mtoto kuelewa somo? Swali hili limeshughulikiwa kwa miaka mingi na Profesa Joel Kiboss, msomi wa elimu na teknolojia wa Chuo Kikuu cha Egerton, Njoro.

Wakaazi wengi wanaijua Egerton kwa kilimo. Ilianza mwaka wa 1939 kama shule ya wakulima, ikawa chuo kikuu kamili mwaka wa 1987. Hata hivyo, chuo hicho pia huandaa walimu na kuchunguza jinsi wanafunzi wanavyojifunza.

Utafiti ulifanywaje?

Profesa Kiboss alipata shahada ya uzamifu mwaka wa 1997 katika Chuo Kikuu cha Western Cape, Afrika Kusini. Tasnifu yake ilihusu somo la fizikia, mada ya vipimo. Wanafunzi waliofundishwa kwa programu ya kompyuta walilinganishwa na wenzao waliofundishwa kwa njia ya kawaida. Matokeo aliyoyachapisha mwaka wa 2002 yalionyesha kuwa waliotumia programu hiyo walielewa vipimo vizuri zaidi.

Mwaka wa 2004, yeye pamoja na Mwangi Ndirangu na Eric Wekesa walichapisha utafiti mwingine, huu ukihusu baiolojia. Seli haionekani kwa macho matupu, na si kila shule ina hadubini za kutosha. Programu yao ilitumia picha za kompyuta zinazoiga mambo yanavyotendeka ndani ya seli. Hapa pia, walioitumia walipata matokeo bora.

Mwaka wa 2012 alichapisha utafiti kuhusu watoto wenye ulemavu wa kusikia, waliofundishwa jometri ya madarasa ya chini ya shule ya msingi kwa programu iliyotengenezwa kwa ajili yao. Mtoto asiyesikia hutegemea macho, na mchoro kwenye skrini unaweza kumfikia pale ambapo maelezo ya mdomo hayafiki.

Funzo ni lipi?

Katika kila utafiti, kompyuta haikuletwa tu darasani na kuachwa. Kwanza ilichaguliwa mada inayowatatiza wanafunzi, kisha ikaandaliwa programu ya mada hiyo. Mwalimu naye hakuondolewa. Makala ambayo Profesa Kiboss na wenzake walichapisha mwaka wa 2008 yalichunguza jinsi kazi ya mwalimu inavyobadilika kompyuta inapoingia darasani. Badala ya kusimama ubaoni muda wote, anapata nafasi ya kupita kwa mwanafunzi mmoja mmoja na kumwelekeza.

Funzo hili linagusa fedha za umma. Kuanzia mwaka wa 2016, Serikali ya Kitaifa ilisambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma. Kifaa kisicho na somo ndani yake, au kilichofungiwa kabatini kwa sababu hakuna aliyefunzwa kukitumia, hakimfaidi mtoto yeyote.

Wakaazi waulize nini?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, kaunti husimamia elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Katika mikutano ya wazazi, na katika vikao vya umma kuhusu bajeti ya kaunti, mkaazi ana haki ya kuuliza:

• Vifaa hivi vitafundishia mada gani?
• Je, walimu wamepewa mafunzo ya kuvitumia?
• Watoto wenye ulemavu wamezingatiwa vipi?
• Nani atavitengeneza vikiharibika, na kwa fedha zipi?
• Tutajuaje kama wanafunzi wanaelewa zaidi kuliko awali?

Swali la mwisho ndilo ambalo Profesa Kiboss alilijibu kwa kulinganisha makundi ya wanafunzi. Mzazi anaweza kuanza kulijibu nyumbani, kwa kumwomba mtoto amweleze alichojifunza.