Mistari Miwili Isiyoonyesha Kilo

Tuseme vijana wawili wa Kedowa, kando ya barabara ya Nakuru kwenda Kericho, wanaandika programu ya kupimia majani chai ya wakulima wadogo. Hifadhi kuu ya msimbo ina skrini za karani na ripoti za mwezi. Ndani yake wameweka hifadhi nyingine, mizani, inayosoma uzito na kukata humo uzito wa gunia. Hii ya ndani ina historia yake yenyewe. Mmoja anapandisha makato ya gunia kutoka nusu kilo hadi kilo nzima, kisha anamwomba mwenzake ahakiki. Mwenzake anaandika git diff, amri ya Git ya kulinganisha matoleo ya msimbo, na kuona hivi:

-Subproject commit 3f9a2c1…
+Subproject commit b71c0de…

Basi. Gunia halitajwi, kilo hazitajwi. Akipitisha, kila mkulima atapoteza nusu kilo zaidi kwa kila gunia, na mhakiki hatakuwa ameuona mstari uliosababisha hayo.

Tangu hifadhi za ndani kama hii, yaani submoduli, ziingie kwenye Git mwaka 2007, katika toleo la 1.5.3, hifadhi kuu haijawahi kubeba mafaili ya hifadhi ya ndani. Hubeba kielekezi tu: namba ya komiti, kwa kawaida yenye herufi na tarakimu 40, iliyosajiliwa kwa aina 160000 pale ambapo faili la kawaida lingekuwa na 100644. Amri ya kulinganisha hulinganisha kilichohifadhiwa, na kilichohifadhiwa ni namba. Haidanganyi, ila inajibu swali dogo kuliko lile alilokuja nalo mhakiki.

Swali kubwa lina amri yake, git diff --submodule=log:

Submodule mizani 3f9a2c1..b71c0de:
  > Ongeza makato ya gunia

Sasa kuna la kuuliza. Alama > ni komiti iliyoingia, na < ni iliyoondoka. Ukikuta < peke yake pamoja na neno rewind, kielekezi kimerudishwa nyuma. Mara nyingi hutokea hivi: mtu amevuta kazi mpya ya hifadhi kuu, akasahau git submodule update, halafu akaweka komiti ya kila kitu kwa mkupuo. Kazi ya mwenzake katika mizani inaondoka kimyakimya. Naliogopa kosa hili kuliko mengine yote, kwa sababu katika ile mistari miwili ya kawaida kwenda mbele na kurudi nyuma havitofautiani hata kidogo.

Anayetaka msimbo wenyewe, mstari kwa mstari, atumie --submodule=diff, iliyokuja na toleo la 2.11 mwishoni mwa 2016. Mimi ningeweka git config diff.submodule log iwe ya kudumu kwenye kila kompyuta ya kazi, na kutumia --submodule=diff kila panapoguswa hesabu ya fedha au uzito. Mercurial, mfumo mwingine wa aina ya Git, nayo haiingii ndani mpaka uiambie, kwa hg diff -S.

Wakati mwingine namba haibadiliki. Inaongezewa tu mkia wa -dirty. Maana yake kuna faili limehaririwa ndani ya submoduli na halijawekwa komiti. Ukiweka komiti ya hifadhi kuu hapo, badiliko hilo haliendi popote. Linabaki kwenye kompyuta yako.

Wapo wanaokwepa yote haya. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006, una moduli nyingi zenye hifadhi zake, na huunganishwa kwa namba za matoleo. Badiliko la toleo husomeka kwa macho, lakini yaliyomo bado lazima uyafuate kwenye hifadhi ya moduli.

Kwa anayehesabu bando, kuna tatizo moja zaidi. Ulinganisho wa ndani unahitaji komiti zote mbili ziwe tayari kwenye kompyuta yako. Ukinakili hifadhi kuu bila submoduli ili kuokoa data, utajibiwa commits not present. Jibu hilohilo hutoka pale mwenzako aliposukuma hifadhi kuu na kusahau ya ndani, na hapo hata ununue bando kubwa kiasi gani hutaipata komiti hiyo, kwa kuwa iko kwake tu. Dawa iko upande wa anayesukuma: git push --recurse-submodules=check hukataa kutuma kielekezi kinachoelekeza kwenye komiti ambayo haijafika kwenye seva.