Gombe: Hifadhi ndogo inayomtaka mgeni afike akiwa na afya njema

Hifadhi ya Taifa ya Gombe, iliyopo mkoani Kigoma katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, karibu na mpaka wa Tanzania na Burundi, ina eneo linalozidi kidogo tu kilomita za mraba 50. Pamoja na udogo huo, ina nafasi kubwa katika historia ya utafiti wa wanyamapori duniani, na wananchi wanaweza kuitembelea na kulala humo, iwe katika malazi ya hifadhi au kwenye mahema.

Historia hiyo nayo ilianzia kwenye hema. Mwezi Julai 1960, Jane Goodall, akiwa na umri wa miaka 26, alifika Gombe kwa boti akiwa na mama yake, wakapiga kambi ufukweni. Wakati binti akipanda milima kuwatafuta sokwe, mama alitoa huduma ya kwanza kwa wavuvi. Mwaka huohuo, Goodall alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu ili kuvua mchwa. Hadi wakati huo wataalamu wengi waliamini kuwa binadamu pekee ndiye hutengeneza na kutumia zana. Eneo hilo, lililokuwa pori la akiba tangu 1943, lilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1968. Goodall alifariki dunia Oktoba 2025, na utafiti alioanzisha bado unaendelea.

Ukaribu wa sokwe na binadamu ndiyo sababu ya masharti ya ziara kuwa makali. Sokwe huambukizwa maradhi ya binadamu kwa urahisi. Mwaka 1966 ugonjwa wa polio ulipoingia katika kundi la Gombe, baadhi yao walipooza na wengine wakafa. Watafiti walilazimika kuwapa chanjo kwa kuificha ndani ya ndizi. Kwa kuwa sokwe waliopo ni takriban 100 tu, mafua ya mgeni mmoja yanaweza kuwa msiba kwa familia nzima ya wanyama hao.

Kwa sababu hiyo, mgeni mwenye kikohozi, mafua au homa haruhusiwi kuwakaribia. Wageni huongozwa na mtaalamu katika vikundi vidogo, huvaa barakoa, hukaa umbali usiopungua mita 10 na huwatazama kwa muda usiozidi saa moja. Watoto wadogo hawaruhusiwi, hivyo familia zinashauriwa kuulizia kiwango cha umri kabla ya safari.

Hakuna barabara ya gari inayoingia hifadhini. Wageni husafiri kwa boti kutoka Kigoma, umbali wa takriban kilomita 16. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa viingilio nafuu, hivyo wanapaswa kubeba vitambulisho. Malipo hufanyika kwa njia ya kielektroniki, si kwa fedha taslimu.

Wanaolala kwenye mahema wanakumbushwa kutoacha chakula wazi, kwani nyani huingia kambini na kukipora, na kuondoka na taka zao zote. Anayejisikia vibaya siku ya safari anashauriwa kuahirisha: kwa kufanya hivyo, atakuwa ameshiriki kuilinda Gombe.