Tumbo Linauma, na Kisukari Kipo

Ndugu msomaji wa Kasulu au Kibondo, una kisukari, na chembe cha moyo kinakuuma. Ukila ugali kidogo tu tumbo linajaa. Unasema, "Ni maharage." Pengine ni maharage kweli. Pengine ni bakteria.

Bakteria hao huitwa Helikobakta pailori. Hukaa kwenye ukuta wa tumbo. Zamani madaktari waliamini kuwa vidonda vya tumbo huletwa na mawazo mengi. Mwaka 1982 madaktari wawili wa Australia, Robin Warren na Barry Marshall, waliwagundua. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa yeye mwenyewe, na tumbo lake likaugua! Wengi wetu tunao tangu utotoni. Huenezwa kwa mdomo, na kwa mikono au maji yenye uchafu wa choo. Wengi hawaumwi.

Wewe mwenye kisukari una shida ya ziada. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya tumbo, na chakula huchelewa kushuka. Hata vidonge vya metformini huweza kuleta kichefuchefu. Je, utajuaje ni kipi kinachokuumiza? Hutajua kwa kubahatisha dukani. Nenda ukapimwe choo. Kama zahanati yenu haina kipimo hicho, omba kuelekezwa hospitali. Kama umemeza dawa ya kuua bakteria katika mwezi uliopita, sema, kwani kipimo huweza kukosa kuwaona.

Wakionekana, utapewa dawa za namna mbili au zaidi za kuua bakteria, pamoja na ya kupunguza asidi. Kwa kawaida humezwa siku 14. Watu huacha siku ya tatu maumivu yakipoa. Hapo bakteria waliobaki huweza kuwa sugu.

Sasa sikiliza vizuri. Dawa moja kati ya hizo, klarithromaisini, ikikutana na vidonge vya glibenklamidi huweza kushusha sukari mno. Ukitetemeka, ukatoka jasho na kusikia njaa kali, kunywa maji yenye sukari upesi, kisha nenda kwa mganga. Mweleze mapema unameza nini. Usiache dawa ya kisukari kwa uamuzi wako.

Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje siku ya gulio. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, na vidonge vyako vyote mkononi.